Siri huvunjwa na ulimi: kutoka kinyume cha watoto hadi namba ya siri ya simu yako

Mwezi uliopita, saa tatu za usiku, mama mdogo alinipigia simu kutoka Mombasa. Mimi naishi Woodley, hapa Nairobi, hatua chache kutoka barabara ya Ngong, na yeye si mtu wa kupiga simu usiku. Hakunisalimu. Alisema neno moja tu: "Mwanangu, pesa za chama zimekwenda."

Kisa chenyewe mnakijua, maana wengi wenu kimewafika, ama kimemfika jirani. Mchana ule alipigiwa na mtu mwenye sauti ya adabu na Kiswahili kilichonyooka. Mtu yule alimtaja kwa majina yake mawili, akamwambia laini yake itafungwa usiku huo kwa kuwa usajili haukukamilika. Akamwomba amsomee tarakimu sita zitakazoingia kwenye simu. Mama akazisoma. Kisha akaombwa namba ya siri "ili tuthibitishe kuwa ni wewe". Akaitaja. Kabla hajaiweka simu chini, shilingi 14,000 za wanawake saba zilikuwa zimeshatoka.

"Si nyinyi vijana mulituambia simu hizi zina kufuli hata serikali haiwezi kulifungua?" akaniuliza. "Basi kufuli hilo lilikuwa wapi?"

Usiku ule sikuwa na jibu la maana. Nilimpa pole, nikamwambia awapigie watu wa laini yake mara moja, nikalala na hasira. Makala haya ndiyo jibu langu, kwake yeye na kwa kila mwenye mama, shangazi au bibi anayeshika simu. Ili kulieleza kufuli hilo, yanibidi nianzie mbali kidogo, kwenye mchezo ambao wengi wetu tuliucheza.

Mama hageuki

Wiki hiyo hiyo mtoto wa ndugu yangu alikuwa kwetu likizo, ametoka Likoni. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilijinyoosha kitini, macho nimeyafumba, nikamsikia binti yangu akimnong'oneza mwenzake mlangoni: "Mama lakala. Ndetwe niduka."

Nikafumbua jicho moja. "Mama hajalala," nikawaambia, "na dukani hamwendi."

Walishangaa kama walioona jini. Binamu mtu alikuwa amemfundisha binti yangu kinyume siku mbili tu zilizopita, nao walidhani wamepata lugha ambayo hakuna mtu mzima aijuaye. Hawakujua kwamba sisi wenyewe tuliikulia, na bibi zetu waliikulia kabla yetu. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Unguja, alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870 alitia ndani mifano ya kinyume. Kwa hiyo mchezo huu ni mkongwe kuliko reli.

Kanuni yake ni nyepesi: silabi ya mwisho huletwa mwanzo. Chakula huwa lachaku, pesa huwa sape, kesho huwa shoke. Ukiisema haraka, asiyeijua hashiki kitu. Lakini ina tundu moja kubwa. Maneno yenye silabi mbili zinazofanana hayageuki hata uyageuze mara mia. Mama hubaki mama, baba hubaki baba, na bibi, dada na kaka vivyo hivyo. Yaani watu wale wale mnaotaka kuwaficha ndio ambao majina yao hutoka wazi. Nilikuwa na nusu ya usingizi, lakini nilisikia "mama" na sikio likasimama. Nilipojua kuwa nasemwa mimi, yaliyobaki niliyafungua kwa kubahatisha.

Utotoni tundu hilo lilituponza vibaya zaidi. Siku moja tulitaka kuambizana kwamba bibi kaficha nazi. Kwa kinyume ikatoka: "Bibi chakafi zina." Nazi ikigeuzwa huwa neno ambalo mtoto hathubutu kulitamka mbele ya mkubwa, na limetoka sambamba na jina la bibi. Ndara zilituruka kabla hatujaufikia mlango.

Ukikitazama kinyume kwa makini utaona kasoro nyingine. Kina njia, lakini hakina ufunguo. Anayeijua njia anajua kila kitu, maana hakuna jingine la kuficha. Lugha ya vijana wa hapa Nairobi nayo ni hivyo hivyo. Mbao kwa shilingi 20, finje kwa 50, soo kwa 100 na thao kwa 1,000 yalikuwa maneno ya wachache, na leo anayataja kila kondakta na abiria wake. Siri inayojulikana na wote imekuwa msamiati.

Mafumbo yetu ya Pwani yana hila tofauti. Jina la leso husomwa na mtaa mzima, na herufi zake hazijafichwa. Kilichofichwa ni nani anaambiwa, na hilo analijua mvaaji na mlengwa wake. Ni ufundi mkubwa, ila hauwezi kulinda akiba ya chama.

Herufi zikivalishwa nguo za jirani

Jioni ile niliwapa watoto mchezo mwingine. Tulikata duara mbili kutoka kwenye katoni ya unga, moja kubwa na moja ndogo, tukazishika katikati kwa pini ili ya juu izunguke. Pembeni mwa kila duara tukaandika A hadi Z. Ukiisogeza duara ndogo hatua moja, A hutazamana na B, B na C, na kadhalika. "NJOO KESHO" huandikwa "OKPP LFTIP". Mwenzako akiwa na duara kama yako, na akijua umesogeza hatua ngapi, anaisoma barua bila taabu.

Chombo hiki si cha watoto kwa asili. Mwitalia Leon Battista Alberti alieleza duara za namna hii katika karne ya 15, kwa ajili ya barua za wakubwa. Kabla yake, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Julius Caesar wa Roma aliandika barua za siri kwa kusogeza kila herufi hatua tatu. Miaka ya 1930 watoto wa Marekani walipewa beji za namna hiyo na watengenezaji wa Ovaltine, ili wafungue ujumbe uliosomwa mwishoni mwa mchezo wa redio. Kilichowahi kubeba siri za vita kikawa zawadi ya wanywaji wa maziwa.

Tofauti na kinyume, hapa kuna ufunguo: idadi ya hatua. Lakini funguo zote ni 25 tu, na mtoto mwenye subira huzijaribu zote kabla ya magharibi. Unaweza kuongeza ugumu kwa kuzivuruga herufi bila mpangilio, A iwe T, B iwe K, C iwe M. Hapo idadi ya funguo hupita hesabu ya kawaida, na kwa karne nyingi watu waliamini kuwa wamefika.

Aliyewatoa ndotoni ni mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, Abu Yusuf Yaqub al-Kindi. Katika risala aliyoiandika kwa Kiarabu, ambayo nakala yake imehifadhiwa Istanbul, alieleza kwamba kila lugha ina herufi zinazopenda kujitokeza na nyingine zinazojificha. Hesabu alama zilizomo katika barua ya siri. Ile inayorudi mara nyingi kuliko zote huenda ndiyo herufi inayopendwa na lugha hiyo. Ukishaipata moja, ya pili hujitokeza, na ya tatu, hadi barua nzima iko wazi.

Kwa Kiswahili njia ya al-Kindi ni rahisi mno. Herufi A hutuzidi kila mahali, na karibu kila neno letu huishia kwa irabu. Rudi kwenye "OKPP LFTIP". Maneno yote mawili yanaishia P, basi P ni mojawapo ya a, e, i, o, u. Tayari umebakiwa na mambo matano ya kujaribu. Binti yangu aliligundua hilo mwenyewe, akakasirika kwamba duara yake imevunjika kabla ya kulala.

Shule ya Mombasa iliyosikiliza Japani

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu wengi wetu hupita mbele ya mahali ambapo elimu hii ilitumika kivita na hatujui.

Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani. Waingereza walikuwa na ofisi ya kusikiliza na kufungua ujumbe wa redio wa Wajapani huko Singapore. Januari 1942, mji huo ulipokuwa karibu kuanguka, wataalamu wake wakahamishiwa Colombo, kisiwa cha Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ndege za Kijapani zikaipiga Colombo. Manowari za Waingereza zikarudi nyuma hadi Kilindini, na wafungua siri wakazifuata.

Walipofika Mombasa walipewa jengo la shule: Allidina Visram, ile iliyojengwa kwa ukumbusho wa mfanyabiashara mkubwa wa Kihindi aliyefariki mwaka 1916, na ambayo ilifunguliwa mwaka 1923. Jeshi la majini likaiita HMS Allidina kana kwamba ni meli. Madarasa ambamo watoto walikuwa wakifundishwa hesabu yakajaa watu wanaofanya hesabu ya namna nyingine.

Msidhani vita vilikuwa mbali. Mei mwaka huo huo Waingereza waliivamia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagascar, wakihofia Wajapani wasitangulie. Mwisho wa mwezi ule nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia bandarini humo na kuijeruhi manowari ya Ramillies. Hiyo ni bahari yetu wenyewe, upande wa kusini.

Kazi ya pale Mombasa haikuwa rahisi. Mawimbi ya redio kutoka mashariki yalifika yakiwa dhaifu, na mengi yalipotea njiani. Lakini mwaka ule wataalamu wawili wa kituo hicho, John MacInnes na Brian Townend, walifungua msimbo wa meli za biashara za Japani, uliojulikana kama JN-40. Njia ya kuingilia waliipata Septemba, na kufikia Novemba 1942 waliweza kuusoma ujumbe unaoingia na hata ule wa zamani uliokuwa umehifadhiwa. Safari za meli za adui, zikiwemo za mafuta, zikafuatiliwa kutoka kwenye shule ya Mombasa.

Msimbo wenyewe ulikuwaje? Hapa ndipo michezo ya watoto wangu ilipokutana. Ulikuwa na tabaka mbili. Kwanza, maandishi yaligeuzwa kuwa jozi za tarakimu kwa jedwali lenye jozi 100. Hiyo ni ndugu ya duara letu la katoni: alama moja inasimama mahali pa nyingine. Pili, tarakimu zile zilipangwa kwa mistari, kisha zikasomwa kwa safu za wima zilizovurugwa mpangilio. Hiyo ni ndugu ya kinyume: vitu ni vile vile, vimehamishwa mahali.

Jaribu tabaka la pili kwa herufi. Andika "MELI INAONDOKA KESHO" kwa mistari mitatu ya herufi sita sita:

M E L I I N
A O N D O K
A K E S H O

Ukisoma kutoka juu kwenda chini, safu baada ya safu, unapata MAA EOK LNE IDS IOH NKO. Ukibadilisha na mpangilio wa safu hizo sita, kuna njia 720 za kuzipanga. Ukiongeza safu, idadi huruka upesi. Tabaka kama hili likiwekwa juu ya jedwali la tarakimu, njia ya al-Kindi haifui dafu peke yake, kwa sababu nusu moja ya jozi iko huku na nusu nyingine iko kule.

Mwanzoni wataalamu waliudhania kuwa ni msimbo wa aina nyingine kabisa. Kilichowafungulia mlango hakikuwa mashine. Wajapani wenyewe walifanya kosa katika kutuma, kosa la aina ambayo kila mwalimu wa fani hii huwaonya wanafunzi wake. Mtu mmoja, kwenye chombo chake, siku moja, hakufuata kanuni. Kosa hilo likawatosha watu wawili Mombasa.

Mwaka 1943 wafungua siri walirudi Colombo, ambako redio ilisikika vizuri, na shule ikarudi kuwa shule. Mimi kinachonikaa moyoni ni lile kosa. Msimbo wa tabaka mbili ulikuwa imara, na mkono wa mwanadamu ndio uliotoboa.

Kufuli analogawa kila mtu

Baada ya vita lilibaki tatizo moja ambalo wala Caesar wala Wajapani hawakulitatua. Ili nikutumie siri, lazima kwanza tukubaliane ufunguo. Na ufunguo nao nitakutumiaje bila kuibiwa njiani? Wafalme walitumia wajumbe, majeshi yalitumia vitabu vilivyofungwa kwa risasi ili vizame meli ikikamatwa. Mama mdogo na mimi tungetumia nini, ikiwa yeye yuko Mombasa na mimi Woodley?

Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walichapisha wazo lililoigeuza kazi nzima, na mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakalipa umbo la hesabu. Baadaye sana, mwaka 1997, ilitangazwa kwamba Mwingereza Clifford Cocks aliifikia hesabu kama hiyo tangu 1973, lakini ofisi yake ya serikali iliifanya siri.

Wazo ni hili. Fikiria mfanyabiashara wa Lamu mwenye kasha zuri. Badala ya kugawa funguo, anagawa kufuli zilizo wazi, mamia kwa mamia, kwa yeyote anayezitaka. Ukitaka kumpelekea kitu, unakitia kwenye kasha, unabana kufuli lake, unalituma. Mabaharia wote wanaliona kasha, na kufuli wanalijua lilivyo. Hakuna anayeweza kulifungua, hata wewe uliyelifunga, kwa sababu ufunguo ni mmoja na haujawahi kutoka mfukoni mwa mwenyewe.

Kufuli hilo hutengenezwa kwa hesabu iliyo rahisi kuifanya na ngumu kuirudisha. Zidisha 53 kwa 61, unapata 3,233, kazi ya dakika moja. Sasa mpe mwenzako 3,233 umuulize ni namba gani mbili zilizozidishwa. Atahangaika. Namba kama 53 na 61, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, huitwa namba tasa. Katika matumizi ya kweli zao la namba mbili tasa huwa na tarakimu zaidi ya 600, na hakuna kompyuta ya leo inayojulikana kuweza kulirudisha.

Wazo hilo la kufuli la hadharani na ufunguo wa nyumbani ndilo msingi wa ulinzi wa WhatsApp, ambayo tangu 2016 hufunga ujumbe kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji. Tovuti za benki nazo hulitumia. Kadi yako ya simu ina ufunguo wake wa siri, na kampuni ina mwenzake, na hivyo ndivyo laini yako inavyotambuliwa kuwa ni yako.

Na njia zote hizi zimechapishwa. Mwanafunzi yeyote wa chuo anaweza kuzisoma. Tangu mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs alisema kwamba mfumo mzuri ni ule ambao adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo, bado atashindwa. Wazee wetu walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kerckhoffs anaongeza: basi usitegemee fumbo, tegemea ufunguo, na ufunguo usiuachilie.

Kwa hiyo, lilikuwa wapi?

Sasa naweza kumjibu mama mdogo. Kufuli lilikuwepo, mama, na halikuvunjwa. Mtu yule hakujua hesabu yoyote. Alijua kwamba ufunguo umo kinywani mwako, akakuomba umpe.

Tarakimu nne za namba ya siri zina michanganyiko 10,000. Mashine ingeimaliza kwa muda mfupi mno, ndiyo maana ukikosea mara chache mfumo hukufungia. Zile tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe zina michanganyiko 1,000,000, tena hufa baada ya dakika chache. Hizo ni ufunguo uliochongwa kwa mlango mmoja na kwa mara moja. Yeyote anayezitaka kwako anataka kuingia mlango huo akiwa na jina lako.

Lakini niliuliza nioneshwe ule ujumbe, na hapo nikanyamaza. Ulikuwa kwa Kiingereza. Tarakimu sita mbele, na nyuma yake onyo kwamba usimpe mtu yeyote. Mama mdogo alisoma tarakimu kwa sababu tarakimu ni za wote. Onyo hakulisoma. Kwake yeye, mwanamke aliyehifadhi mashairi tele na anayesoma khati ya Kiarabu bila miwani, onyo lile ndilo lililokuwa msimbo. Kampuni zinazoshika pesa za watu wetu zinajua Kiswahili vizuri sana zinapotangaza mkopo. Naziomba zikijue pia zinapotoa onyo, na ujumbe uanze na onyo, tarakimu zifuate.

Wakati tukisubiri hilo, kuna yaliyo mikononi mwetu.

La kwanza, usichague mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri. Michanganyiko 10,000 inakuwa 71 tu kwa wote waliozaliwa kati ya 1940 na 2010. Na kwa anayekujua huwa mmoja, maana mwaka wako umeandikwa kwenye kitambulisho unachokiacha mlangoni kwa askari wa kila jengo hapa mjini.

La pili, anayejua jina lako hajathibitisha chochote. Majina yetu mawili hutokea kila tunapotumiana pesa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazitaka ofisi zihifadhi habari zetu kwa uangalifu, na Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 ina adhabu kwa matapeli wa namna hii. Lakini sheria hufika baada ya pesa kuondoka.

La tatu, anayekuharakisha ndiye wa kuogopwa. Mwizi huyu hana muda. Tarakimu zake zinakufa baada ya dakika chache, na anajua ukimuuliza mwanao atashindwa. Kata simu, kisha piga wewe mwenyewe kwa namba ya huduma uliyokuwa ukiijua. Kama laini kweli ina tatizo, litakuwepo bado baada ya robo saa.

La nne ni letu sisi watoto na wajukuu. Tuliwanunulia wazee simu, tukawawekea pesa humo, tukawaambia "iko salama". Hatukukaa nao jioni moja kuwaeleza ufunguo ni kitu gani. Ikibidi tuwaeleze kwa kinyume, kwa leso, kwa kasha la Lamu, lakini tueleze. Na wakiibiwa, tusiwacheke. Mama mdogo aliibiwa mchana, akanipigia saa tatu za usiku. Saa zote hizo alikuwa akiona haya, na haya yake ndiyo iliyompa mwizi nafasi ya kuzitoa pesa na kupotea. Angenipigia pale pale, huenda tungewahi.

Wanawake wale saba hawakumfukuza kwenye chama. Analipa kidogo kidogo, nasi tunamsaidia. Namba yake ya siri ameibadilisha, nami sijui ameweka nini, na sitaki kujua.

Juzi alinipigia tena, safari hii mchana, anacheka. "Afisa" mwingine alikuwa amempigia kuhusu laini yake, akataka tarakimu. Mama mdogo akamwambia, kwa upole wote: "Sape nahapa." Mtu yule akauliza mara mbili ni lugha gani hiyo, kisha akakata simu mwenyewe.